Habari ya Siku Ukoo wa Leokadia Ulipoinua Miguu

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mliosimama mlangoni mkidai kwamba mnapita tu. Wekeni vikombe chini, wapakateni watoto, maana neno nililolibeba si neno la kuokota barazani na kulitupa njiani. Wengine wamekwisha kuwahadithia vita vya wafalme walioteketeza miji kwa ajili ya mlima ambao hata mbuzi hawaupandi. Mimi nawaletea vita vikubwa kuliko hivyo, vilivyopiganwa mbele ya televisheni moja, katika sebule ya Bibi Leokadia, ghorofa ya nne, mtaa wa Wyżyny, mjini Bydgoszcz huko Ulaya, siku ya jina la huyo bibi, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye ameitwa kwa jina lake, mwezi wa Disemba, theluji ikiwa imefika vifundoni na lifti ikiwa imekufa tangu majani ya miti yalipoanguka.

Nawe Umeme, bwana wa nyaya, uliyekatika siku ya harusi ya Edmund, mwana wa bibi huyo, na ukakatika tena siku ya ubatizo wa mwanawe, nakusihi kwa unyenyekevu: usikatike humu mpaka niifikishe habari hii mwisho wake.

Basi jueni kwamba zama zile Ulaya yote ilikuwa imegawanyika pande mbili, wala sisemi zile pande zilizotengwa na ukuta, kwa kuwa ukuta ule ulikwisha kubomolewa na watu wakauziana vipande vyake. Nasema upande wa kompyuta za nyumbani na upande wa mashine za gemu. Watu wa upande wa kwanza walikuwa na kibodi, na subira, na kaseti zilezile za kusikilizia muziki. Waliitia kaseti katika kinasa, wakabonyeza, wakangoja mchezo upakiwe muda wa sufuria ya viazi kuiva, na mara nyingi viazi viliiva na mchezo haukuiva. Watu wa upande wa pili hawakujua kungoja. Walichomeka kijisanduku chenye mchezo kwenye mashine, na kabla mtu hajakaa sawasawa kitini, risasi zinalia. Kila upande uliudharau wa pili, na nyumba zenye televisheni moja ndizo zilizokuwa viwanja vya mapambano.

Upande wa kwanza alisimama Bogna binti Halina, Mshika Bisibisi, Mwenye Subira Mfano wa Jiwe la Kusagia, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Majira mawili ya kiangazi alichuma stroberi mashambani hadi kucha zikawa nyekundu, na kwa ujira ule akajinunulia kompyuta kuukuu ya kijivu, ambayo kibonye chake kimoja kilikuwa kimetoka na mahali pake pamewekwa gundi na kifungo cha koti. Upande wa pili alisimama binamu yake Hubert mwana wa Edmund, Mwepesi wa Vidole Gumba, aliyekuja kwa bibi yake kila alasiri akitoka shule kwa kuwa wazazi wake waliuza bidhaa bazarini mpaka jioni. Bazarini huko baba yake alikuwa ameleta mashine za gemu nyekundu na nyeupe kutoka mashariki ya mbali, na moja akaileta kwa Leokadia, mama yake mzazi, akaiita zawadi ya siku ya jina, ingawa kila mtu alijua ni nani atakayeifungua.

Na chanzo cha vita kilikuwa mti wa Krismasi. Halina, binti wa Leokadia na mama yake Bogna, aliyeishi humo na bintiye, mwanamke mwenye sauti ya upole na maamuzi ya chuma, alipima kona ya televisheni kwa mikono yake akaona kwamba mti ukiingia, mashine mbili hazitakaa. Akatangaza kuwa moja itabaki na nyingine itashushwa stoo ya chini ya ardhi, palipo na pipa la kabichi na viazi vya majira ya baridi na bomba linalodondosha maji tangu enzi za serikali iliyopita.

Mashine ya Hubert ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake na plastiki yake, nayo ingeweza kuvumilia. Lakini ile kompyuta ya kijivu ilikuwa na mapafu mabovu. Bogna alijua kwamba ikilala stoo mpaka Pasaka haitaamka, na ikifa, vuli yake yote imekufa nayo. Kwa maana alikuwa na siri: tangu lifti ilipoharibika alikuwa akitunga mchezo wake mwenyewe, mstari kwa mstari, akaurekodi kwenye kaseti moja, na kwa mashine nyingine yoyote duniani kaseti ile ilikuwa kelele tupu. Alikuwa ameukusudia uwe zawadi ya bibi yake siku hiyohiyo. Hakumwambia mtu.

Wageni wakapanda ngazi wakihema, wakavua viatu, wakavaa sapatu, wakaketi kuzunguka meza yenye samaki wa siki, saladi ya viazi na mayai, nyama iliyogandishwa kwenye mchuzi wake, na keki ya jibini iliyo kubwa kama mto wa kulalia. Ndipo Edmund aliposimama. Edmund zamani alikuwa mwenyekiti wa kamati kiwandani, na ijapokuwa kiwanda kilikwisha kufungwa, hotuba zilibaki ndani yake zikitafuta pa kutokea.

"Mama yangu, dada yangu, wageni waheshimiwa," akanena, glasi ya vodka mkononi. "Sisi tumengoja. Tumengoja nyama tangu alfajiri. Tumengoja simu miaka kumi na mbili, na ilipokuja tukakuta tuliotaka kuwapigia wamekwisha kufa. Lifti tunaingoja hadi leo. Sasa nauliza, mtoto wa leo naye angoje? Angoje hata gemu? Mashine hii haingojewi. Unachomeka, inatoka. Ndani ya kijisanduku hiki kimoja kuna michezo mia tisa tisini na tisa. Huo ndio wakati mpya."

Wageni wakapiga makofi, na dada mmoja wa kanisani akafuta macho kwa ajili ya ile simu. Bogna akasimama naye. Hakuwa mtu wa maneno, na masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya.

"Mjomba, hiyo yako inampa mtu kilichowekwa na wengine. Yangu naiambia nitakacho, inafanya."

"Inafanya lini?" Hubert akauliza, na meza nzima ikacheka, hata Halina, mama yake Bogna.

Bibi Leokadia hakucheka. Alikuwa kitini pake karibu na dirisha, magoti yamefunikwa shali, mahali alipokaa tangu vuli akitazama watu wakipita chini na mifuko yao. Akainua kidole.

"Sikilizeni. Mti wa Krismasi hautaki ugomvi. Kila mashine itaonyesha inachoweza, mara moja tu. Ikifika saa ya taarifa ya habari nataka televisheni yangu. Sijawahi kuikosa taarifa hata siku niliyomzika mume wangu, na sitaikosa kwa ajili yenu."

Hukumu ikawa imepita. Hubert akatangulia uwanjani, akachomeka kijisanduku, na kufumba na kufumbua askari mdogo akawa anakimbia kwenye kioo, anaruka mashimo, anafyatua risasi, na wanaume wakaacha samaki wakasogeza viti. Sitadhulumu haki ya adui: alikuwa hodari. Vidole gumba vyake vilicheza kama vya mchambua mchele, na Edmund alitazama kifua mbele kama aliyeitengeneza mashine ile kwa mikono yake.

Lakini Bibi Leokadia alikuwa amepanga foleni miaka arobaini, na hakuna muuza nyama aliyewahi kumpunja. Akaomba aonyeshwe mchezo wa pili, kisha wa sita, kisha mwingine wa mbele sana. Akakunja uso.

"Hubert, mjukuu wangu, huyu si yule wa mwanzo?"

"Ni mchezo mwingine, bibi."

"Naona amebadilisha shati."

Hubert akatazama. Alikuwa kijana mkweli, na ukweli wake ulimtoka kwa shida. "Ndiyo, bibi. Amebadilisha shati."

Ndivyo ilivyofichuka kwamba lile jeshi la mia tisa tisini na tisa lilikuwa ndugu watano wenye nguo nyingi. Edmund akakohoa akasema biashara ndivyo ilivyo. Hata hivyo ndugu hao watano walipendwa, na wageni wakanong'onezana kwamba watano walio hai ni bora kuliko mmoja anayengojewa. Bogna aliyasikia hayo yote.

Sasa msikilize shujaa anavyovaa silaha. Alivua sapatu akabaki na soksi za sufu, asije akatoa kishindo. Akachukua pamba, akaichovya katika glasi ya Mjomba Edmund, na kwa vodka ya adui akakisugua kichwa cha kusomea kilichomo ndani ya kinasa, mpaka pamba ikatoka nyeusi. Akashika bisibisi yake nyembamba, akainama sikio likiwa karibu na spika ya televisheni, kaseti ikizunguka kwa majaribio, akaugeuza ule msumari mdogo wa hesi unaokilaza kichwa upande huu au ule, kiasi cha unywele, akaurudisha kiasi cha nusu unywele. Kisha akawageukia wageni, akawaeleza masharti ya vita: kinasa hiki ni mgonjwa wa moyo. Asitembee mtu. Asivute kiti mtu. Uma zilazwe, mlango usibamizwe, na mwenye chafya aimeze.

"Muda gani?" akauliza Edmund.

"Mpaka chai yako ipoe, mjomba, na kidogo zaidi."

Akabonyeza. Kioo kikawa buluu tupu. Kutoka kwenye spika ikatoka sauti nyembamba ya kukatakata, *ti, ti, ti*, na kila kipande cha mchezo kilipoingia salama, sauti ile ilipumua ikaendelea. Bogna alipiga magoti mbele ya kinasa, akikitazama kigurudumu cha kaseti kikizunguka, na alijua kwamba sauti ile ikigeuka mkoromo, basi yote yamekwisha, kwani muda wa kuanza upya haukuwepo.

Mwanzoni watu walikaa kimya kwa adabu, kisha kwa udadisi, kisha kwa hofu. Keki ililiwa kwa vidole ili uma zisilie. Halina aliyekusudia kuosha vyombo alijikuta ameketi, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliona katika sherehe yoyote, na dada yule wa kanisani akamshika mkono kwa kuwa ulikuwa karibu. Edmund alianza kusema kitu, akaona macho ya mama yake, akakirudisha.

Ndipo chini kabisa, kwenye mlango wa jengo, kikasikika kishindo.

Alikuwa Bwana Alojzy wa ghorofa ya chini, mjane mwenye kifua cha pipa na sauti ya chini kuliko kengele ya kanisa, aliyekuwa ametoka kutafuta maua na sasa amerejea amechelewa. Bwana Alojzy alikuwa mstaarabu kupita kiasi. Hakutaka kuiingiza theluji nyumbani kwa mtu, kwa hiyo katika kila ghorofa alisimama akapiga mabuti yake sakafuni, la kulia, la kushoto, kwa heshima zote. Ghorofa ya kwanza akapiga, na chai ikatikisika kwenye glasi. Ghorofa ya pili akapiga, na ile *ti, ti* ikayumba, ikajishika. Bogna akaufumba mdomo wake kwa mkono. Hakuwa na silaha ya vita vya namna hii.

Na mabuti hayakuwa hatari kubwa. Hatari kubwa ilikuwa desturi. Kwa maana katika nchi ile mgeni wa siku ya jina akiingia na maua, wote husimama, viti husukumwa nyuma, na wimbo wa kumtakia mwenye siku miaka mia huimbwa kwa koo zote, na Bwana Alojzy hakuwahi kuuimba bila kupiga mguu. Kuuzuia wimbo ule ni kumtakia mtu kifo. Hakuna aliyewahi kuuzuia.

Halina akanyata kwenda kumfungulia kabla hajagonga kengele. Bwana Alojzy akaingia amejaa theluji na mapenzi mema, maua kifuani, akavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika, na pande zote za meza watu wakaanza kuinuka, kwa kuwa miguu ya watu hujua desturi kabla ya vichwa vyao.

"Kaeni," akasema Bibi Leokadia, bila kupaza sauti.

Wakakaa.

"Alojzy, kaa hapo kwenye kabati la viatu. Mjukuu wangu anapakia. Wimbo wangu nautaka, siusamehe, lakini mtauimba kwa mnong'ono. Na kila mtu ainue miguu, asije akasahau akaipiga."

Basi wakainua miguu. Nasema kweli tupu: mwenyekiti mstaafu wa kamati ya kiwanda, na Halina wa Maamuzi ya Chuma, na dada wawili wa kanisani, na Bwana Alojzy juu ya kabati la viatu, wote walikaa miguu ikining'inia hewani, wakamnong'oneza Leokadia miaka mia. Hakuna askofu aliyewahi kuimbiwa hivyo. Edmund mguu ulimtetemeka, akaushika kwa mikono miwili. Dada mmoja alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na sauti haikumtoka.

Lakini katika heshima ile mlango wa nje ulikuwa umeachwa wazi. Upepo wa ngazini ukaingia, ukaukamata mlango wa sebule, nao ukaanza kujifunga kwa kasi. Hubert ndiye aliyeuona, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu nao. Jamani, mshindani wake alikuwa anaelekea kuanguka, na yeye hakuhitajika kufanya kitu chochote ila kukaa. Akanyoosha mguu. Mlango ukaishia kwenye vidole vyake vya soksi, kimya kabisa, na Hubert mwana wa Edmund akawa mweupe, kisha mwekundu, kama mashine yake, wala hakutoa sauti. Bogna aligeuka akamwona. Tangu siku hiyo hajamtania tena binamu yake kwa jambo kubwa.

Sauti ikakoma. Kioo kikawa cheusi. Bogna alijua kwamba ukimya huo ni wa namna mbili, wa kazi iliyokwisha au wa mashine iliyokufa, na kwa pumzi mbili hakuna ajuaye ni upi. Kisha ikatokea nuru, na katika nuru herufi kubwa za manjano: LEOKADIA.

Chini ya herufi zile palikuwa na jengo lenye ghorofa nne. Palikuwa na mlango wa lifti wenye msalaba mwekundu. Palikuwa na ngazi, na kabichi iliyobingirika ngazini, na mbwa wa jirani, mfupi wa miguu na mrefu wa mwili, aliyebweka. Na chini kabisa, amesimama na mfuko wa wavu uliojaa viazi, palikuwa na bibi mdogo mwenye bereti.

Bibi Leokadia akainama mbele mpaka shali ikaanguka.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Bereti yangu ni ya zambarau."

"Rangi ziliniishia, bibi."

"Na huwa natembea hivyo, nimeinama?"

"Ni kwa sababu ya viazi," akasema Bogna, ingawa wote wawili walijua kwamba bibi hakuwa ameshuka ngazi zile tangu vuli, na kwamba magoti yake yalikuwa yamemfunga kwenye kiti cha dirishani kuliko lifti yoyote mbovu.

Leokadia akanyoosha mkono apewe fimbo ya kuchezea. Akaishika kama anavyoshika mwiko. Akapanda vidato vitatu, kabichi ikamwangusha, akarudishwa chini. Akapanda tena, mbwa akamwangusha. "Alojzy, mfunge mbwa wako," akasema, na Bwana Alojzy akaomba radhi kwa dhati. Hubert, ambaye sasa alikuwa anachechemea, akaja akapiga magoti upande wake wa pili na kumfundisha aruke kabla, si baada. "Sasa, bibi. Sasa. Aa, umechelewa. Tulia, tunarudia." Edmund naye alikuwa amesimama nyuma akiyumba kulia na kushoto pamoja na yule bibi wa kwenye kioo, na chai yake ilikuwa imepoa zamani.

Saa ya ukutani ikagonga. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari. Halina akamtazama mama yake, na Edmund akamtazama, na Bogna akauondoa mkono wake kwenye kibodi, maana hukumu ni hukumu.

"Mama, taarifa," akasema Edmund taratibu.

"Wataniambia kesho," akasema Leokadia. "Nipo ghorofa ya tatu."

Kisha, bila kuondoa macho, akamjibu ile hotuba yake. "Ulisema vizuri, mwanangu, kuhusu kungoja. Nimengoja sana maishani mwangu. Lakini ubaya haukuwa kungoja. Ubaya ulikuwa kwamba ukifika mwanzo wa foleni, kilichobaki hakikuwa chako. Hiki ni changu, kimeandikwa jina langu."

Akaruka kabichi ya mwisho. Akampita mbwa. Yule bibi mdogo akafika ghorofa ya nne na mfuko wake wa wavu haukupungua kiazi, mlango ukafunguka, na kutoka kwenye spika kuukuu, kwa sauti za kukwaruza, ukaanza kupigwa ule wimbo wa miaka mia.

Hapakuwa na kitu tena cha kupakia. Wote wakasimama kwa pamoja, viti vikaanguka, na Bwana Alojzy akashuka kutoka kwenye kabati la viatu, akapiga mguu kiasi kwamba jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Waliimba kama walivyodaiwa na desturi, kwa koo zote, na Bogna aliimba analia, na Hubert aliimba kwa mguu mmoja.

Yaliyofuata ni mepesi. Kompyuta ya kijivu ilibaki pake karibu na televisheni. Mti wa Krismasi uliwekwa kwenye ujia wa mlangoni, ambako kila mgeni aligombana na matawi yake mpaka Januari. Mashine nyekundu na nyeupe ikakaa juu ya kabati la nguo, mahali pakavu pa heshima, ikishushwa kila Jumapili kwa heshima ya kidole cha mguu cha Hubert kilichozuia mlango. Stoo ya chini ikabaki na kabichi yake.

Basi waandishi wa historia waandike, na wale wa falme wangoje zamu yao: kwamba katika mwaka ule, lifti ikiwa bado imekufa na theluji ikiwa bado inaanguka, Leokadia wa Bydgoszcz alipanda ghorofa nne na mfuko wa viazi, wala hakupumzika hata kwenye ghorofa ya pili.